Mpunga wa Shina Jekundu

Mama yetu alikuwa analima mpunga wa shina jekundu. Ukiung'oa mche wake ungali mchanga, pale chini karibu na mizizi unaona wekundu kama wa ganda la kitunguu. Watu wengi wa Usevya walikuwa wameanza kuuacha na kutafuta mbegu za shina la kijani, lakini mama alisema ule mwekundu hauogopi maji mengi, na wali wake mtoto akila jioni analala hadi asubuhi. Naanza na mpunga huo kwa sababu mambo yote ninayoandika hapa yalipitia kwake.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tulibaki watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu wa kike ambaye alikuwa hajaota meno ya mbele. Siku mbili kabla hajafa mama alinishika kifundo cha mkono akasema, "Msije mkala kwenye vyungu viwili." Hakusema zaidi, na mimi sikuhitaji zaidi. Ndugu walipokuja matangani wakiwa wameshapanga nani atamchukua nani, nilisimama mlangoni nikakataa. Nilikuwa darasa la tano. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule, wala sikurudi tena.

Ili wadogo zangu wasilie chakula kilipokuwa kidogo, niliwafundisha maneno ya kusema kabla ya kula. Nilikuwa nauliza, "Sisi ni nani?" Wanajibu, "Mwili mmoja!" Nauliza tena, "Na mtu peke yake?" Wanajibu kwa kelele, "Si kitu!" Majirani walikuwa wanacheka. Mimi nilijivunia sana maneno yale. Niliyatunga mwenyewe.

Shamba halikutosha kutulisha, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya sabini niliwachukua wote wawili tukaenda Mpanda mjini. Nilipata kazi Majengo kwa mzee mmoja Mtaliano, fundi seremala. Waingereza walimleta nchini kama mateka wa vita, akitokea Uhabeshi. Wenzake waliporudi kwao yeye alibaki, akafanya kazi mgodini kwenye madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa akafungua karakana. Alitengeneza milango, madirisha na majeneza. Mimi nilimpikia na kumfulia. Mdogo wangu alianza kwa kufagia maranda, na baada ya miezi michache mzee akampa randa mkononi. Kitinda mimba alikwenda shule.

Mchana tulikula pamoja, mzee kwenye kiti chake na sisi mkekani, na mdogo wangu alikuwa na maswali. Alikuwa mtoto aliyedharauliwa. Kule kijijini walimwita "mtoto wa dada yake", kwa sababu hakuwa na baba wa kumtetea. Kwa hiyo alimuuliza mzee mambo ya vita kama mtu mwenye njaa.

"Mzee, ulikuwa askari kweli, au ulikuwa unawapikia?"

"Nilikuwa askari. Lakini kabla ya askari, nilikuwa kama wewe. Miaka kumi na tano."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunapanga mstari. Shati moja, wimbo mmoja, hatua moja." Mzee aliweka kijiko chini. "Mimi baba yangu alirudi kutoka vita ya kwanza na mguu mmoja, hana kazi, watoto wanamcheka njiani. Sisi tulikuwa watu wa kuchekwa. Halafu siku moja mwalimu wangu akasema: ninyi ni taifa kubwa, mmesahaulishwa tu. Mtu aliyedharauliwa ukimwambia yeye ni mkubwa, hakuulizi ushahidi."

"Huyo mwalimu alikuwa mkali?"

"Mpole sana. Ana miwani, anakohoa. Asingeweza kuchinja kuku. Lakini alikuwa anasoma vitabu vya wenye akili wa nchi nyingi, na alituletea yaliyomo kama mtu anayeleta mkate wa moto. Alisema kufikiri sana ni ugonjwa, tenda kwanza, fikra itakufuata. Alisema kuhesabu kura ni kazi ya wenye maduka. Maisha ni mapambano, na watu wakikaa kwa amani muda mrefu wanaoza kama maji ya dimbwi. Mtu mmoja ni kidole tu, taifa ndilo mwili. Kidole kina maana gani kikikatwa?"

"Si kitu," mdogo wangu alisema haraka, akanigeukia akitabasamu. Nami nilitabasamu. Maneno yalikuwa yetu, yakitoka kwenye mdomo wa mzee wa Ulaya. Nilidhani ni sifa.

"Ulifurahi?" mdogo wangu aliuliza.

Mzee alichukua tena kijiko chake. Hakutaka kusema uongo. "Sijawahi kufurahi vile tena," alisema.

Mdogo wangu aliiweka moyoni nusu hiyo ya habari.

Nusu ya pili niliisikia mimi peke yangu. Mdogo wangu alikuwa amepeleka mlango Kawajense kwa mkokoteni, na mzee alikuwa anapigilia misumari jeneza fupi, la mtoto. Nilimletea chai. Alishika kikombe asinywe, akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema Uhabeshi walifika kijiji kimoja na kuambiwa wenyeji wanaficha wapiganaji. Yeye alikuwa kwenye mstari wa pili. Alisema hawakuwachukia watu wale. Chuki wala haikuhitajika.

"Mkubwa wetu alisema leo tunafanya usafi," mzee alisema. "Neno lilikuwa hilo. Na mimi nilikuwa nimeshazoea kutofikiri peke yangu. Niliangalia wa kulia ananyanyua bunduki, nikanyanyua. Wa kushoto naye akaniangalia mimi."

"Na watoto?" niliuliza.

"Na watoto." Aliweka kikombe juu ya ubao. "Binti, usimwambie mdogo wako. Yeye ndiye mtu pekee anayenitazama vizuri."

Nilimwahidi. Sababu zangu hazikuwa nzuri. Nilimwonea huruma, lakini pia niliogopa kazi. Na nilijiambia kwamba yale ni mambo ya Wazungu, ya mbali na ya zamani, hayamhusu mtoto wa Usevya.

Miaka miwili baadaye shangazi alituma ujumbe kwamba shamba la baba lisipolimwa litachukuliwa, tukarudi. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minane na mabega ya useremala. Msimu haujaanza alikuwa ameshakusanya vijana wenzake zaidi ya ishirini. Akawatengenezea fimbo za mninga kwa randa aliyopewa na mzee, zote kimo kimoja, alizipima kwa rula moja. Asubuhi wanapanga mstari uwanjani, yeye na filimbi. Hatua moja, wimbo mmoja.

Sitaki kudanganya: mwanzoni nilipenda. Kijiji kizima kilipenda. Walitengeneza barabara iliyokuwa imekatika kwa misimu mitatu ya mvua. Walichimba mifereji, walimkamata mwizi wa mbuzi. Wazazi waliokuwa wanawaona watoto wao wamekaa bure vilabuni sasa waliwaona wakiamka kabla ya jua. Mwenyekiti wa kijiji alisema, "Hawa vijana wamechangamka," na akawapa kipande cha shamba bondeni. Kila nyumba ilichangia beseni moja la mbegu. Mimi nilichangia ile ya mama, ya shina jekundu, ambayo shangazi alikuwa ameitunza.

Nikipita njiani watu walikuwa wananiamkia kwa heshima. "Wewe ndiye uliyemlea yule?" Nilijibu ndiyo.

Wakati huo nyumbani tulikuwa wanne, na mtoto mmoja wa mgongoni. Mwaka ule wakimbizi wengi walikuwa wamevuka kutoka Burundi. Wengi walipelekwa kwenye makazi yao, lakini wengine walitawanyika wakitafuta vibarua. Mama mmoja alifika kwangu na binti yake wa mwaka mmoja na nusu, akaomba kulima apate chakula. Mume hakuwa naye na sikumuuliza yuko wapi. Alikuwa anajua mpunga kuliko mimi, kwao waliulima kando ya mto. Alilima siku moja, akalala kwetu kwa sababu ya mvua, na hakuondoka tena. Nilimwita mama, yeye aliniita dada. Alikula kwenye chungu chetu.

Mdogo wangu hakumkataa siku za mwanzo. Alimchongea mtoto wake gari la mti. Baadaye akaanza kusalimia bila kumtazama. Na siku moja tukiwa tunakula aliuliza, kama anazungumza na ukuta, "Kwani sisi ni nani?"

Kitinda mimba akajibu kwa mazoea, "Mwili mmoja."

"Basi mwili una viungo vyake. Kitu kisicho kiungo kikikaa mwilini kinaitwaje?"

"Nyamaza ule," nilimwambia.

"Nauliza tu, dada. Kinaitwa jipu."

Mama yule alimwondoa mtoto wake karibu na sahani, taratibu, akaenda kukaa nje. Nilimkemea mdogo wangu, naye akanisikiliza kwa adabu zote hadi nikamaliza. Wala hakuonekana na hasira. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeshajua jibu kabla ya swali.

Mpunga wa vijana ulipofika kimo cha goti, magugu yalikuwa mengi, na lililowasumbua ni mpunga mwitu. Anayelima Usevya anaujua. Ukiwa mchanga unafanana kabisa na mpunga wa kweli. Unautambua ukishatoa masuke, kwa ndevu zake ndefu, na kwa jinsi punje zinavyopukutika majini kabla hujazivuna. Kwa hiyo wazee wetu walipalilia mara ya kwanza magugu ya wazi, halafu wakasubiri masuke. Lakini kusubiri hakukuwa kazi ya vijana wale. Mdogo wangu aliwapanga mstari kuanzia ukingo hadi ukingo na kuwatangazia kwamba wa shina jekundu ndio mpunga mwitu. Filimbi ikilia, kila mtu anainama, anatazama chini ya shina, nyekundu inang'olewa.

Tulikuwa shamba la jirani, mimi na mama yule, tukaja mbio.

"Jamani hiyo ni mpunga," mama yule alisema. "Hiyo nyekundu pia ni mpunga. Mungoje ichanue, mtaona."

Kijana mmoja alicheka hadi akashika magoti. "Haya sikieni! Mgeni amekuja kutufundisha mpunga sisi Wapimbwe, wenyeji wa hapa!"

"Amekula wali wetu mpaka amekuwa bwana shamba," mwingine akaongeza.

Nilimfuata mdogo wangu hadi ndani ya maji. "Mama yako alilima huu. Umesahau? Umekulia mpunga wa shina jekundu."

Aliutazama mche mkononi mwake. Najua alikumbuka, nilimwona usoni. Halafu akatazama mstari, vijana zaidi ya ishirini wameinama nusu, wanamngoja.

"Mama alilima kwa sababu hakujua," alisema, akapuliza filimbi.

Waling'oa asubuhi nzima wakiimba. Kando ya shamba yalibaki marundo ya miche yenye mashina mekundu, na mizizi ikikauka juani.

Masuke yalipotoka, bonde lilikuwa na ndevu tupu. Wa kijani waliouacha, sehemu kubwa ndio uliokuwa mwitu, maana mbegu za kijani zilizochangwa zilikuwa za kununua, zimechanganyika nao. Vijana walisimama kwenye ukingo wakisikiliza punje zikidondoka majini kila upepo ulipopita. Nilifikiri sasa watacheka, au watatukanana, kisha yaishe. Mtu akikosea shambani, anachekwa msimu mmoja na kulima tena. Nilingoja mdogo wangu aseme, nimekosea.

Kosa halikuwa na mahali pa kukaa mle ndani ya kikundi. Kama wote ni mwili mmoja na kiongozi ndiye kichwa, nani atakosea? Ilibidi limkae mtu wa nje. Siku ya tatu maneno yalishaiva: yule mama alisema mapema kwamba mpunga utaharibika. Alijuaje? Amejua kwa sababu yeye ndiye aliyefanya.

Walikuja nyumbani asubuhi, na fimbo zao za kimo kimoja. Mtoto alikuwa na homa tangu jana yake, nilikuwa nampaka maji kichwani. Nilimwachia mama yake nikasimama mlangoni, pale pale niliposimama siku ya matanga.

"Dada, pisha," mdogo wangu alisema.

"Unataka nini?"

"Tunafanya usafi wa kijiji. Huyu aende kwa wenzake."

Neno lilikuwa lile lile la mzee. Nilimwona mzee na kikombe chake kisichonywewa. Basi nikamwambia yote, palepale, mbele ya wenzake: kijiji cha Uhabeshi, mstari wa pili, wa kulia na wa kushoto, watoto. Nilisema kwa haraka na vibaya, kama mtu anayemwaga maji kwenye paa linaloungua.

Alinisikiliza. "Mzee hakuniambia hayo."

"Aliniambia mimi."

"Lini?"

"Tulipokuwa Majengo."

"Miaka yote hiyo," alisema, "na unaniambia leo, kwa sababu ya huyu." Hakuniamini, au hakutaka. Nyuma yake mmoja akasema, "Kaka, tunapoteza muda na wanawake." Wengine wakaanza kugonga fimbo chini, wote kwa pamoja, taratibu.

Sikupisha. Naweza kusema hilo. Lakini nyuma yangu mama yule alikuwa ameshafunga kitenge na mtoto mgongoni. "Dada, niache nipite," alisema. "Kwetu nilingoja mpaka wakaingia ndani. Hapa sitangoja."

Nilimsindikiza. Misheni ilikuwa mwendo wa nusu siku, na mvua ilitunyeshea njia nzima. Masista walimpokea mtoto kwenye zahanati yao wakafanya walichoweza. Alikufa siku ya pili. Mama yake hakulia mbele yangu. Lori la kwenda kwenye makazi ya wakimbizi lilipokuja, alipanda na gari la mti mkononi, lile alilochonga mdogo wangu. Sijamwona tena.

Niliporudi nilitoa nje blanketi la mdogo wangu, viatu vyake na randa yake, nikaviweka chini ya ukuta. Alipofika alivitazama.

"Mama alisema nini kuhusu vyungu viwili?" aliniuliza.

"Nakumbuka alichosema."

"Na unanifukuza."

"Nakufukuza."

Alingoja nibadilike. Sikubadilika. Alichukua randa kwanza.

Bila yeye kikundi hakikumaliza msimu. Fimbo zile niliziona baadaye zikiwa nguzo za vichanja vya kuanikia vyombo, nyumba hii na ile.

Nimewaza sana mawazo yale yalianzia wapi. Mzee alisema yalianzia vitabuni, kwa watu wapole. Inawezekana, sijavisoma. Kwetu yalikuta nafasi imeshaandaliwa. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wawili kwamba mtu peke yake si kitu. Nilitaka wasitenganishwe, hiyo tu. Sikuwafundisha kwamba aliye nje ya chungu naye ni mtu, kwa sababu nilidhani jambo hilo linajulikana.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilikwenda Mpanda. Mzee alikuwa amekufa na karakana ilikuwa ya mdogo wangu. Nilimkuta akipiga randa ubao wa mlango. Aliniletea kiti, akanipa maji, akarudi kwenye kazi yake.

"Mzee aliniambia," alisema bila kunitazama. "Siku niliyorudi kumwomba kazi. Nilimuuliza, akaniambia yote. Ilikuwa kama ulivyosema."

"Ndiyo."

Randa ilikwenda na kurudi. "Yule mama yuko wapi?"

"Alikwenda makazini. Sijui zaidi."

"Na mtoto? Lazima amekuwa mkubwa."

Njia nzima kutoka Usevya nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Ningeweza kusema sijui. Angeishi vizuri zaidi, na pengine angeanza kuja nyumbani kula.

"Alikufa misheni," nilisema. "Siku ya pili. Ile mvua ilimkuta na homa."

Aliendelea kupiga randa, na mimi nilikaa pale nikimtazama. Ubao ulikuwa umeshanyooka muda mrefu.